Bahari Iliyo Chini ya Mji Ule

Jumapili hiyo binti yetu alianza kutoa habari kabla hajavua viatu. Amepata likizo kazini, na safari hii hataki kusikia habari za Durban. Anatupeleka Italia, mimi na baba yake.

Tulikaa mezani, hapa nyumbani Bertrams, mchuzi wa kuku ukiwa bado wa moto. Akarusha picha za simu yake kwenye televisheni. Mji wa kale ukatokea, nyumba za rangi ya limau na waridi zimepandana ubavuni mwa mlima, vichochoro vya ngazi za mawe, na chini kabisa, maji.

"Ni bahari gani hiyo?" nikauliza.

"Mediterania, Mama." Alizaliwa hapa Joburg. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Mume wangu akaacha kutafuna. Nikainuka, nikaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mimi siendi."

"Ni ngazi, Mama? Goti lako? Natafuta chumba cha chini..."

"Nimesema siendi!"

Akamgeukia baba yake. "Nimekosa nini?"

Kulikuwa na mechi uwanjani Ellis Park, na kelele za watu zilitufikia hadi ndani. Mume wangu akangoja zipungue. "Mwambie," akasema. "Huyu si mtoto tena."

Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Yule mjomba wa kwenye picha ya ukutani, ambaye binti yangu tangu utotoni aliambiwa yuko Uarabuni, hayuko Uarabuni. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Aliondoka Tanga akaenda Sudan kutafuta kazi, na kutoka Sudan akaingia Libya. Siku moja akanipigia simu. "Dada, kesho tunavuka bahari. Usimwambie Mama mpaka nifike." Hatukumsikia tena. Mwili haukuonekana, na Mama akakataa kuweka matanga. Hadi leo akiulizwa husema mwanawe amesafiri.

Binti yangu akazima televisheni. "Naifuta safari," akasema kwa sauti ndogo.

"Usifute," mume wangu akasema. "Tutaikimbia bahari hiyo mpaka lini?"

"Hakuwa mdogo wako wewe!"

Mume wangu ndiye aliyezunguka nami mwaka ule, mlango kwa mlango, akiuliza kila mtu aliyetoka Libya. Akatoka, akaenda uani. Nikabaki nimeshika sahani, nikitamani niyarudishe yale maneno.

Niliposikia binti yangu akizungumza Kiswahili, nilijua anaongea na Tanga.

"Bibi, mimi nataka kupeleka Mama... Italia, kwenye mji wa bahari ya mjomba."

Nikamrukia nimpokonye simu. Nilikuwa nimechelewa. Simu ilikuwa kwenye spika, nikahisi tumemuua mama yangu kwa sentensi moja.

"Nipe mama yako," sauti yake ikasema.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. "Huo mji uko mbali na maji?"

"Hapana, Mama. Uko juu yake."

Nilimsikia akihema. Nikangoja ukali wake, au kilio.

"Basi mkifika, msomeeni Fatiha mwanangu. Na mimi huku nitaita watu, tumsomee hitima." Akakata simu.

Nikakaa chini, palepale sakafuni. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimtaja kama marehemu. Binti yangu akaja akakaa kando yangu. Mume wangu alipotusikia tunalia, akaingia.

"Niwie radhi," nikamwambia.

"Yamekwisha, mke wangu. Mama amesemaje?"

Nikamweleza. Akafuta uso kwa kiganja, kisha akamwomba binti yetu awashe tena televisheni. Tukazitazama zile nyumba moja moja. Binti yetu alikuwa ametuchagulia hoteli ya juu, yenye mandhari nzuri. Nikamwomba atafute ya chini, iliyo karibu na maji.