Nyimbo Bora za Makaa Moto

Ukipita karakana ya Murunga, pale Kibera inapopakana na Ayany, unaweza kumkuta amewasha grinda na hana hata kipande cha chuma mkononi. Grinda inalia, cheche hakuna, mzee ameangalia ukuta. Kisha anaizima na kurudi kwa kazi yake. Watu wa mtaa wanasema uzee umempanda kichwani. Waache waseme, si midomo ni yao.

Huyu Murunga unayemwona akichomelea milango ya chuma alikuwa mtu, bwana. Baba yake alikuwa mtunza bustani Lavington, na tajiri wake alipohama alimwachia rundo la santuri za bluzi, zile nyimbo za gitaa linalolia mpaka unamkumbuka kila aliyekuacha. Murunga alizisikiliza chumbani kwao Kawangware hadi zikakwaruzika. Baadaye akakutana na Awiti, mpiga besi, Mjaluo mrefu asiyependa maneno mengi. Wakaunda bendi, wakaiita Makaa Moto. Walipiga bluzi iliyochanganywa na roki, maneno yote Kiswahili, na baa za Gatina zikawa zinajaa hadi watu wanasikilizia dirishani.

Filister, mkewe, hakuwa mtu wa baa. Yeye alikuwa wa kungoja. Kila alipouliza mume atarudi saa ngapi, alijibiwa lile lile: ngoja kidogo, nakuja. Alijibiwa hivyo hadi Murunga akaona huo ni wimbo tayari, akautunga.

Siku ya kuurekodi, Filister aliwapelekea uji studio. Katikati ya wimbo Murunga akaita jina la mkewe, vile wanamuziki wetu hutaja watu wao gitaa likiendelea. Sasa Filister, maskini, hakujua kwamba mashine ikizunguka mtu hafungui mdomo. Akaitwa, akaitika pale pale mlangoni na birika mkononi: "Niko, sema!" Murunga naye, kwa utundu wake, akamwimbia: "Ngoja kidogo, nakuja." Wakauacha hivyo hivyo. Watu waliupenda huo wimbo kwa sababu ya hapo tu. Ukipigwa baa, wanawake wote walikuwa wanaitika.

Miaka ikapita, Awiti akafa, na bendi ikafa naye. Mwaka juzi presha ikamchukua Filister. Murunga alimsafirisha hadi Butere, akamzika, akarudi Kibera kwa chumba ambacho hakina mtu wa kumuuliza anarudi saa ngapi. Ndipo akagundua kwamba sauti ya mkewe imebaki mahali pamoja tu duniani. Filister alitumia kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, maisha yake yote, hakuwahi kumtumia mtu sauti kwa simu. Ile "niko, sema" ndani ya kaseti kuukuu ndiyo iliyokuwa Filister yote iliyobaki. Murunga aliifunga kaseti kwa leso, akaogopa hata kuicheza, isije ikakatika.

Kwa hivyo Marvin, mtoto wa marehemu Awiti, mtu mzima sasa na mwenye studio Gatina, alipokuja kusema anataka kukusanya nyimbo bora za Makaa Moto ziwe albamu moja, Murunga hakuuliza habari ya jina wala faida. Alimkabidhi kaseti kwa mikono miwili. Alimwambia ule wimbo usikose, na atoe kelele zote za utepe ili usikike vizuri. Hakusema ni kwa nini. Mwanaume wa kwetu atakwambia yote, ila kwamba anamlilia mke wake. Hilo atakufa nalo.

Albamu ikatoka. Jumapili moja baada ya kanisa watu wakakusanyika uani kwa hoteli ya chapati hapo Gatina, wazee waliocheza zamani na watoto wao. Mamake Marvin, Christine, alikuwa mbele na kitambaa kipya kichwani. Murunga alikaa karibu na spika, amevaa koti la harusi yake. Wimbo wa nne ukaanza. Gitaa lilikuwa safi, besi ya Awiti imenona, na Murunga akainamisha kichwa kungoja.

"Filister!" ikaita sauti yake mwenyewe, ya ujana.

Kisha kimya. Gitaa peke yake, halafu, "Ngoja kidogo, nakuja," na wimbo ukaenda zake.

Watu walipiga makofi. Murunga aliinuka akamshika Marvin mkono, akamvuta kando, akamuuliza Filister yuko wapi. Christine akawafuata. Ni yeye aliyejibu, kwa upole kabisa.

"Shemeji, ni mimi nilimwambia atoe. Kwetu mtu aliyekufa anaweza kuitwa, hiyo si mbaya. Lakini akiitika, anakuja kuchukua yule aliyemwita. Sasa tungefanyaje, tukuache uitwe na wimbo wako mwenyewe? Tumeshazika Awiti. Hatukutaka kuzika wewe pia."

"Rudisha," Murunga akamwambia Marvin.

"Mzee, nilisevu juu ya ile kopi ya kwanza, ikafutika," Marvin akasema. "Na kaseti, mashine iliitafuna nikimaliza kukopi. Sikujua, mzee. Haki sikujua."

Angemkasirikia nani? Mtu akikuumiza kwa ubaya unamtukana, roho inapoa. Hawa walimuumiza kwa kumpenda. Murunga alimwambia Christine asante, kweli alisema asante, akala chapati aliyopewa.

Baada ya hapo alizunguka Gatina na Kibera nzima akiuliza ni nani bado ana kaseti ya Makaa Moto. Wengine walikuwa wamezitupa, wengine walikuwa wamehama, mmoja alikuwa na kasha tupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kibaya zaidi, albamu ilipendwa. Vijana wa boda walio na stage ya kungojea abiria mbele ya karakana wanaicheza mchana kutwa kwa spika yao, na hawamkusudii mabaya, wanamheshimu. Sasa umejua habari ya grinda. Wimbo wa nne ukikaribia pale, Murunga anaiwasha asisikie mkewe akikosa kuitika.

Juzi stima ikapotea mtaa mzima. Murunga alichukua tupa, akawa anasugua bawaba kwa mkono. Spika ya boda ina betri yake, haijali stima. Wimbo ukaanza. Akabonyeza grinda, haikulia. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtoto.

"Filister!" ikaita sauti ya yule kijana wa zamani.

Mdomo wa Murunga ukafunguka wenyewe.

"Niko," akasema. "Sema."

"Ngoja kidogo, nakuja."

Murunga akaweka tupa chini. Akageuza ndoo, akaikalia mlangoni, akaangalia njia, akangoja.