Shamba la Mabua la Dani

Sisi tuliokulia Nyakach miaka ya themanini tulishika jembe kabla ya kalamu. Kengele ya shule ilipolia tulikuwa tumeshapanda mistari miwili, miguu imelowa umande, mifukoni njugu mbichi za kutafuna. Watoto wa siku hizi wakikanyaga matope hupiga picha kwanza.

Dani, nyanya yangu aliyetulea wajukuu watano, hakulima kama wengine. Akishavuna mtama aliyaacha mabua yalale shambani. Msimu uliofuata alichimba vishimo tu katikati ya mabua hayo akapanda kunde au njugu, kisha mahindi, kisha akaurudia mtama. Majirani walicheka, wakasema ni shamba la mvivu. Hata mimi niliona aibu, nakiri.

Mwaka mmoja mwanawe, baba mdogo Odero, alikodi trekta. Mashamba mengine yote ya boma yakalimwa mara mbili, udongo ukawa laini tifutifu. Akamjia mamake.

"Mama, hii shamba yako inatuaibisha. Mavuno ikikosa, msimu ujao trekta inaingia. Hakuna mjadala."

"Odero, udongo si unga. Mbona unausaga?"

Chakula chetu chote kilitoka katika kipande kile, kwa hiyo niliogopa. Lakini Dani alikuwa mke mkubwa wa boma, na kwa mila yetu hakuna aliyeruhusiwa kupanda kabla yake. Odero alingoja mikono kiunoni, huku mamake akichimba kishimo kimoja kimoja bila haraka. Naamini alifanya makusudi.

Mvua ikashuka siku tatu mfululizo. Udongo uliolimwa na trekta ukateremka mtoni pamoja na mbegu, ukaenda zake ziwani. Wa Dani ulibaki, mabua yaliushika. Tulivuna kunde hadi vyungu vikajaa, na Odero akaja kuomba mbegu. Alipewa mbegu, akapewa na jembe.

Juzi vijana wenye fulana za mradi walituita semina kule sokoni Pap Onditi. Kwa chai na mandazi wakatufundisha tuache mabua shambani na tubadilishe mazao kila msimu. Eti kilimo cha kisasa! Enzi zetu elimu hiyo ilichekwa, leo inatolewa cheti. Nilirudisha changu, nikawaambia waandike jina la Dani, Aduwo, ndipo nikipokee. Wakasema marehemu hapewi cheti.

"Basi kaeni nacho," nikawaambia, nikarudi shambani kwake.