Dari la Vipele Jikoni kwa Mama Keki

Mtaa mzima unamwita Mama Keki, na hata akipigiwa na namba ngeni anajitambulisha hivyo hivyo. Anaoka nyumbani, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe wake miaka arobaini na kitu iliyopita. Nyumba yenyewe haina neno: kuta nene, madirisha makubwa, milango inafunga vizuri. Shida ni dari la jikoni. Enzi hizo fasheni ilikuwa kupaka darini lipu nyeupe yenye vinundu vinundu, kama mtu karusha uji mzito juu ukagandia huko huko. Mzee alilipenda dari lake kama kitinda mimba. Mama Keki alilichukia tangu siku ya kwanza. Linashika buibui, linashika moshi, ukilipitishia fagio linakumwagia vumbi la kichwa kizima.

Alilivumilia miaka kumi na mbili. Kilichomshinda ni keki moja tu.

Ilikuwa keki nyeupe, ya mteja mwalimu, mpole huyo. Mama Keki alishamaliza kupamba akaona kitone kimoja kimekaa pembeni peke yake. Akadhani ni krimu yake mwenyewe imedondoka. Na kilivyokuwa kimekaa vizuri, akaona kukifuta ni uonevu, akakizungushia vitone vingine ili kisionekane yatima. Keki ikachukuliwa. Jioni mwalimu akapiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama yale mapambo yote ni ya kuliwa, maana kuna moja limegoma kutafunika.

Jamani, aibu aliyoisikia. Usiombe. Akaoka keki nyingine bure, na kesho yake asubuhi akapanda juu ya meza na kile kisu chake bapa cha kupakia krimu, akaanza kulikwangua dari. Kavu kavu, bila maji, bila kujifunga chochote puani.

Mama mkwe wake, ambaye wanaishi wote kwa kuwa mume ni dereva wa safari ndefu na nyumbani anakuja kama mgeni, hakukubali kupitwa. Akaweka kiti katikati ya jikoni, akajitanda mtandio, akawa msimamizi. Huku umeruka, pale kuna kinundu, mume wangu angekuona angelia. Kifua chake chenyewe ni cha kubembeleza tangu alipolazwa mwaka juzi. Saa mbili nzima alikaa chini ya lile vumbi, anakohoa anaelekeza, anaelekeza anakohoa.

Mchana akaja fundi rangi, aliyeitwa kuangalia zitahitajika ndoo ngapi. Alifika mlangoni akasimama. Hakuingia. Akauliza nyumba ina umri gani. Akajibiwa. Akatazama sakafu, akamtazama bibi kwenye kiti, amekuwa mweupe kama andazi lililopitishwa kwenye unga.

"Dada, shuka polepole," akasema. "Na mama atoke humo sasa hivi."

Akamvuta Mama Keki uani, akamweleza kwa sauti ya chini. Lipu za namna ile, za nyumba za zamani, nyingine zilichanganywa na asbesto, vinyuzi vidogo ambavyo macho hayavioni. Ikiachwa imetulia darini haina fujo sana. Ubaya ni kuikwangua kavu, maana ukivuta lile vumbi linaingia kwenye mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka mingi, hata ishirini. Si zote zina asbesto, alisema, ila kwa macho hakuna anayejua, hata yeye. Ni mpaka ipimwe.

Akamkataza kufagia. Alivaa barakoa yake ya kazi, akalowesha lile vumbi, akalipangusa kwa matambara ya maji na kuyafunga kwenye mifuko. Kipande kimoja akakitia kwenye vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine, Mama Keki akakipeleka maabara. Mlango wa jikoni ukafungwa, ukabandikwa utepe wa gundi pembe zote. Majibu baada ya siku tisa.

Siku tisa hizo zilijiburuza. Mama Keki alihamishia oda zake kwenye oveni ya jirani, na akili yake akaiacha kwenye kifua cha mama mkwe. Bibi akikohoa mara moja, yeye moyo unamlipuka. Akaanza kumpelekea chai kitandani. Akamnunulia mto mpya. Akawa anamkubalia kila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Siku ya sita bibi akaweka kikombe pembeni.

"Mwanangu, mimi naumwa nini ambacho sijaambiwa?"

Mama Keki akamwaga yote. Asbesto, vinyuzi, mapafu, miaka ishirini mbele. Akasema amemuua mama wa watu kwa kisu cha keki, na machozi juu.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Miaka ishirini? Mimi hiyo miaka ishirini nitaitoa wapi?" Akacheka mpaka akakohoa tena. Kisha akamshika mkono. "Mimi nilikuwa chini, kwenye kiti. Wewe ndiye uliyekuwa juu, pua imegusa dari. Wewe umejifikiria hata siku moja?"

Kumbe hakuwa amejifikiria. Hata sekunde. Zile siku tatu zilizobaki walizisubiri wote wawili, na angalau mzigo ulikuwa na wa kuushika upande wa pili.

Siku ya tisa alienda maabara mwenyewe. Dada wa mapokezi akampa karatasi, macho yakaruka mistari yote mpaka ule wa mwisho: asbesto haikuonekana. Chokaa, gundi, unga wa jiwe, basi. Akamrudishia yule dada amsomee kwa sauti. Akasomewa. Akaomba tena. Kisha akakaa kwenye benchi la wagonjwa akicheka peke yake, watu wakijisogeza mbali naye.

Nyumbani bibi alisikia habari, akashusha pumzi ndefu ambayo siku zote alikuwa anaificha. Halafu akauliza: "Kwa hiyo chai ya kitandani ndiyo imeisha?"

Wiki iliyofuata fundi rangi alirudi. Safari hii walifunika kila kitu nailoni, wakavaa barakoa, wakalirushia dari maji mpaka likalegea. Likawa linadondoka laini, vipande vipande, bila vumbi hata la kupigia chafya. Nyuma yake kukatokea dari tambarare, safi, kama keki ambayo haijapambwa. Mama Keki akalipitishia kiganja lote, akiwa juu ya ngazi, anavuta pumzi kwa raha zake.

"Kona ile umeruka," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

"Naijia, mama," akajibu, akaisogeza ngazi.