Bi Kidole na Jogoo wa Ugenini

Jina la Bi Kidole lilianza kama kejeli, likaishia kuwa cheo. Pale kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu vya wasioona, hakuna ukurasa unaotoka kabla kidole chake cha shahada hakijaupitia. Macho yake yalikwenda na surua akiwa na miaka minne. Kazi ya kusahihisha nukta nundu ameifanya miaka ishirini na miwili, na ule muhuri wake wa "sawa" anaulinda kuliko pochi.

Asubuhi moja fundi mitambo alimletea mabati ya kitabu cha watoto kilichofasiriwa kutoka nchi za mbali. Bati ndilo lenye nukta. Karatasi hubanwa juu yake, nukta zikatokea. Kilikuwa kitabu cha mafumbo. "Anayelia gav-gav ni nani?" Mtoto anayeona hana taabu, mbwa kachorwa hapo hapo. Kwenye nukta picha hakuna, na mfasiri alikuwa amefasiri kila kitu isipokuwa wanyama. Ukurasa wa tatu, jogoo mzima anawika "kikeriki".

Kidole kikasimama. Bi Kidole alikasirika hadi masikio yakamwaka moto, maana jogoo wa aina hiyo aliwahi kumwonyesha cha moto. Darasa la kwanza, yeye pekee asiyeona, mwalimu aliwasomea kitabu kama hicho akamwuliza, anayelia kikeriki ni nani? Akasema hamjui. Darasa zima likacheka, mwalimu naye ndani. Nyumbani jogoo alimwamsha kila siku, lakini muhula mzima binti yule aliamini kuna mnyama ambaye wenzake wote wanamjua, yeye tu hajakutana naye. Aliona haya hata kumwuliza mama yake.

Meneja akaingia, viatu vikilia.

"Mama, gonga muhuri basi. Mashine inasubiri."

"Sigongi."

"Wenye kitabu wamesema milio isiguswe. Watoto wa dunia nzima wasome mlio mmoja."

"Wenye kitabu wana macho, baba. Mtoto wangu wa nukta, mbwa wake ni mlio tu. Ukimbadilishia mlio, umemnyang'anya mbwa."

"Jamani, kitu kidogo hivi!"

"Kidogo kwako. Wewe mbwa unamwona."

Meneja akashusha sauti, na meneja akishusha sauti ujue mambo yameiva. "Ukigusa bati hilo, kesho usije kazini."

Bi Kidole alipapasa mezani akaipata nyundo ndogo, akaligeuza bati, akaanza kuzilaza nukta za ugenini moja moja. Ko, ko, ko. Kisha akashika msumari butu, akamtoboa mbwa upya: bwe-bwe. Akahamia kwa jogoo. Ana kodi ya nyumba na mama mgonjwa, na kazi ya kidole haiokotwi njiani. Lakini nukta zilikaa sawasawa. Kokoriko.

"Unanisikia lakini?" meneja akafoka. "Barua naiandika sasa hivi!"

"Iandike. Ila uiandike kwa nukta, niisome mwenyewe. Sitaki kusomewa na mtu kwamba nimefukuzwa."

Miaka sita meneja ameongoza nyumba ya nukta, na wote mle ndani walijua hawezi kuandika hata jina lake kwa nukta. Viatu vikasimama, vikasogea, vikasimama tena. Halafu vikatoka, na mlango ukabamizwa.

Fundi mitambo akakohoa. "Bi Kidole, tuchape, au tungoje barua?"

Bi Kidole alikuwa ameshafika kwenye mlio wa bata. Akapitisha kidole juu ya bati, akaridhika, akagonga muhuri kwenye karatasi ya kazi kwa nguvu hata meza ikaruka.

"Chapa," akasema. "Barua itanikuta hapa hapa."