Ndoo Yangu ya Jasi

Marehemu mama alikuwa na sufuria moja ya ugali ambayo jirani hagusi. Tulikuwa mtaa wa Nyamirambo, tunaazimana kila kitu, chumvi, mwiko, hata mkeka wa wageni, lakini sufuria ile hapana. Sababu hakuwahi kutoa. Baba alimcheka, na yeye mwenyewe alikuwa na wembe asioazimisha mtu, lakini hayo ya baba ni marefu, tuyaache.

Tabia hiyo nikaingia nayo kwenye kazi ya purafo, dari za nyumba. Jasi ni unga mweupe, laini kama wa muhogo. Ukiutia majini unakungoja kidogo, kisha unapata joto wenyewe na kuanza kushika. Ukishashika usiongeze maji, umeuua. Na ndoo uioshe kabisa, maana chembe za jasi ya jana zikibaki, ya leo inaganda kabla hujainua mkono. Ndiyo maana kwetu kila fundi anaosha ndoo yake. Yangu niliikabidhi kwa mmoja tu, mwenzangu niliyemfundisha kazi, tuliyekula sahani moja miaka mingi. Nikienda kuswali adhuhuri, ananioshea.

Huko Kanombe, mama mmoja aliyekulia Uganda alitaka ua la jasi katikati ya dari ya sebule, kabla wakwe hawajaja kumposa binti yake. Maua yalikuwa yangu. Mwenzangu alikuwa wa kupaka kuta jasi, na kuta zilikuwa zimeanza kumchosha.

Nikarudi kutoka kuswali, nikakoroga, nikapanda jukwaani. Jasi ikagandia kwenye mwiko. Nikakoroga tena, ikaganda tena. Ndoo sikuichungulia, nani anachungulia chombo alichooshewa na ndugu? Mabonge yakaanguka mbele ya mwenye nyumba.

“Mzee, mikono nayo inazeeka,” akasema kwa upole. “Mwachie mdogo wako.”

“Si nilikuambia asubuhi, mama?” mwenzangu akadakia. “Huyu siku hizi ni wa kushika ngazi.”

Asubuhi, kabla jasi haijanigandia. Nikashuka, nikainamisha ndoo. Chini kulikuwa na chembe za jasi iliyokwisha kuganda, zimepondwa kama za kutiwa makusudi, na ndoo hiyo jana jioni niliiosha mwenyewe.

“Kaka, ndoo yangu umeiosha?”

“Nimeiosha kama kawaida, kaka.”

Hakugeuka. Tayari alikuwa juu, na ua lilikuwa linamtoka zuri, siwezi kusema uongo, vidole vile nilivizoesha mimi.

Nikanawa, nikavaa viatu. Mama mwenye nyumba akauliza kama naenda kuchota maji. Nikatoka getini, nikashika barabara, na sikurudi tena, si kwenye nyumba ile wala kwa mwenzangu.