Mama Tone na mashati ya kijani

Saa moja na robo asubuhi, Mama Tone anakata kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja, anakilaza mezani na kukidondoshea tone moja la maji. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa meza. "Moja... mbili..." Tone linazama. Anashusha pumzi. Kisha anarudia kwa kichupa kingine, mbele ya mwenzake ambaye siku hizi lazima asimame naye.

Zamani hakuhitaji shahidi. Kwa miaka kumi na moja amefanya kazi hii peke yake katika kiwanda hiki cha vitambaa, na jina la utani amelipatia hapa hapa mezani.

Polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki, asikudanganye mtu, haipendi maji. Ukiivaa bila kutiwa dawa, jasho linabaki juu ya ngozi na nguo inakunatia mgongoni. Ndiyo maana majora hupitishwa kwenye birika la dawa ya kufyonza maji, yakakamuliwa, yakakaushwa kwa moto. Kazi ya Mama Tone ni kuhakikisha kuwa dawa imeshika. Tone likizama kabla hajafika tatu, anagonga mhuri. Lisipozama, jora linarudi.

"Watu wanaona ni kazi ya kitoto, kuhesabu mpaka tatu," anasema. "Na mimi nilikuwa nawacheka wanaobeba majora begani. Nilijiona mjanja, mwanangu."

Siku mambo yalipoharibika, alifika kazini na hamu ya usafi. Kichupa chake, mfano wa kile cha dawa ya macho, kilikuwa kimeanza kuota ukungu. Akakiosha kwa sabuni ya unga, akakisuuza mara moja, chapuchapu, akajaza maji. Asubuhi hiyo hiyo dawa ilikuwa imekwisha kwenye birika na aliyelisimamia hakutazama. Majora ya kijani yakapita kwenye maji matupu.

Lakini kichupani kulibaki sabuni, na maji yenye sabuni huzama hata kwenye polista isiyotiwa dawa. Tone likazama kabla hajasema mbili. Akagonga mhuri jora baada ya jora.

"Huku naimba!" anasema, akijifunika uso kwa mtandio. "Naharibu kazi, na huku naimba. Wa birika alikosea, sawa. Ila mimi ndiye niliyewekwa hapa kumkamata."

Kitambaa kile kilishonwa mashati 318 ya wafagiaji wa barabara. Na mmoja wao, jamani, ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

Wifi huyo alilipokea shati kama zawadi ya harusi. Alizunguka mtaa mzima akijisifu kuwa limepita mikononi mwa wifi yake. Wenzake walipoanza kulalamika kwamba yanachoma, aliwafokea: "Nyie mna ngozi za mayai! Wifi yangu hawezi kupitisha kitu kibovu."

Wiki ya tatu alikuja kumtembelea Mama Tone, akageuka na kusema, "Hebu nikune hapa, wifi, mkono haufiki." Mgongo wote ulikuwa vipele, vingine vimetunga usaha.

Mama Tone alimpaka dawa. Akalifua lile shati, akalisuuza mara nne, na lilipokauka akalidondoshea maji. Alihesabu mpaka sitini. Tone lilikuwa limekaa juu, duara, halina habari.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema.

Kesho yake alijaribu vichupa viwili kazini, kimoja cha maji safi, kingine chenye sabuni kidogo, akaona alipoangukia. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi. "Umenimaliza, mama," msimamizi alimwambia. Hakumfukuza. Alimpa sharti: mashati yote yarudi, na ayatie dawa mwenyewe baada ya saa za kazi.

Kwa hiyo kila jioni anayachemsha, anayazamisha kwenye beseni la dawa, anayakamua na kuyapitisha kwenye moto. Vidole vimechubuka. Amekamilisha 317. Wafagiaji waliambiwa tu kuwa ni marekebisho ya kiwanda.

Lililobaki ni moja. Wifi amekataa kulitoa. Anasema yeye halalamiki kama wengine, na hatamwaibisha wifi yake kwa kurudisha kazi ya mikono yake.

"Ananitetea," anasema Mama Tone. "Anajikuna mpaka damu, na bado ananitetea. Mara mbili nimefika mlangoni kwake nimwambie. Mara zote mbili nimeishia kunywa chai na kuondoka."

Aibu yenyewe, anasema, si ya kichupa tena. Ni ya zile chai mbili.

Anakusanya vipande vyake, anafuta meza, kisha anauliza makala haya yatatoka lini.

Jumatatu, anajibiwa.

Wifi yake, anaeleza, husoma gazeti kila siku, hata la juzi alilolifagia barabarani, na hilo jina la Mama Tone yeye ndiye hulitamka kuliko watu wote.

"Hayawezi kungoja mpaka Jumanne?"

Anaambiwa hayawezi. Anatikisa kichwa taratibu, akitazama mikono yake.

"Haya. Basi nakwenda Jumapili," anasema. "Na chai sinywi mpaka nimeshasema."