Refa aliyeniamini mimi kuliko daktari wa macho

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, na kijiji usikitaje, maana huku Newala tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, nalima korosho na muhogo, na ni kapteni wa timu ya kijiji chetu. Wanaotaka kunitukana ruksa, ila wamalize kusoma kwanza.

Mwaka juzi tuliingia fainali ya kugombea ng'ombe, sisi na timu ya kutoka upande wa Chilangala. Refa aliyepangwa pikipiki ilimharibikia njiani, basi timu zote mbili zikakubaliana achezeshe mzee mmoja wa kijijini kwetu, nitamwita Baba Somoe. Alisomea urefa Masasi enzi za ujana wake, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mke wake, Mama Somoe, kwao ni Chilangala. Siku ile hakuna aliyeikumbuka kasoro hiyo mpaka dakika za mwisho.

Tulikuwa bila bila. Ikapigwa krosi, straika wao yuko peke yake nyuma yangu, nikaona hapa tumekwisha. Nikanyanyua mkono nikaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukapotea njia. Ndiyo, niliugusa. Hii ndiyo mara ya kwanza nakiri, hata mke wangu hajui. Baba Somoe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akapuliza filimbi, akaonyesha penalti. Nikapiga magoti, nikajipiga kifua, nikaapa kwa mama yangu aliye kaburini: "Kifua, mzee! Mpira umenipiga hapa, kifuani!" Wakafunga. Ng'ombe akaondoka.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Kawapa shemeji zake huyu!" Ikawa nongwa. Watu waliingia uwanjani wakamchania shati, wakamcharaza kwa fimbo za mkorosho, wakamng'oa meno mawili. Mimi nimesimama naangalia, na moyoni nasema bora yeye kuliko mimi. Nilipoona wanakaribia kumuua nikapiga kelele: "Mwacheni jamani, mzee wa watu macho yamekufa! Hata mke alioa kwa kupapasa!" Watu wakacheka, wakamwachia. Nilirudi nyumbani najiona nimemwokoa.

Lakini neno langu lile lilimganda. Baba Somoe alikuwa na mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, na kila msimu watu walimwita mashambani mwao. Msimu ule nikaanza mimi kusema, "Usimwite, atapulizia mikorosho ya jirani yako." Wakacheka, na kweli hawakumwita. Wanawake wakipishana naye njiani wanamwambia, "Shikamoo mzee, ni mimi Mama fulani, nimevaa kitenge cha kijani." Na asingeweza kukasirika, maana mimi Myao na yeye Mmakonde, ni watani, anayenuna kwenye utani anaonekana mtoto. Alikuwa anaitikia marahaba na kupita zake. Nilikuwa nafurahi, siwezi kudanganya hapa. Kila walivyomcheka yeye, ndivyo mimi nilivyozidi kuwa msafi.

Siku moja akaja kwangu. Nilikuwa barazani namenya muhogo. Nikamwamkia vizuri, nikampa kiti. Akasema, "Mwanangu, mimi sidai kitu. Ng'ombe kashaliwa, meno hayarudi. Ila nilale usingizi, niambie wewe mwenyewe. Mimi niliona mkono. Mkono haukuwepo?"

Tulikuwa wawili tu. Ningesema pale pale yangeisha. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Haukuwepo, mzee wangu. Hukuona vizuri."

Kisha akasema, "Basi kweli nnapofuka," akashukuru, akaondoka.

Tangu siku ile mzee amebadilika. Baiskeli ameacha. Shambani haendi mpaka mkewe awe mbele yake. Mama Somoe akampeleka hospitali, daktari akampima akamwambia macho yako hayana tatizo lolote. Mama Somoe akaja kunililia: "Kapteni, mwenzio daktari hamwamini. Anasema yule mtoto kaapa kwa mama yake, tena kaniambia uso kwa uso, hawezi kunidanganya mtu mzima. Hebu ongea naye, wewe anakusikia." Nikamjibu nitaongea naye. Sikwenda.

Sasa yamefika pabaya. Jumamosi hii tunacheza tena na wale wale wa Chilangala, na Baba Somoe ameomba kwa mwenyekiti wa kijiji apewe nafasi kabla ya mechi aombe msamaha mbele ya watu wote. Anataka kusema alituonea, tumsamehe, asife na dhambi yetu. Mwenyekiti amekubali, na mimi kama kapteni ndiye nitakayeupokea huo msamaha kwa niaba ya kijiji.

Nikisema ukweli, wale waliomng'oa meno wanapajua nyumbani kwangu. Ukapteni utaondoka, na mke wangu atajua amelala miaka yote hii na mtu wa namna gani. Na kuna kitu kingine kinaniogopesha zaidi: kuna upande wangu unataka aombe huo msamaha. Akishatamka mwenyewe kwamba alikosea, hakuna tena atakayeniuliza.

Jana jioni amekuja tena, mtu anayeona kama mimi na wewe, kashikwa mkono na mkewe. Ameniomba siku hiyo nimwongoze mimi mpaka katikati ya uwanja, kwa sababu anaogopa kujikwaa watu wakamcheka. Nimemwambia, "Usijali mzee, nitakuwepo."

Ndugu zangu, zimebaki siku mbili. Nishaurini, nifanye nini?